Protini Iliyobaki Katika Majimaji: Vigandishi vya Damu ya Wagonjwa wa Ini

Ini ndilo linalotengeneza takriban protini zote zinazoiwezesha damu kuganda, na ndiyo maana maradhi yanayolila ini hujidhihirisha pia katika damu, kwa fizi zinazovuja, kwa michubuko inayotokea bila pigo la maana, na kwa kipimo cha maabara kinachochelewa kutoa bonge. Fibrinojeni, ambayo ndiyo malighafi ya bonge lenyewe, prothrombini, ambayo ikikatwa huwa thrombini, yaani kimeng'enya kinachoigeuza fibrinojeni kuwa nyuzi zinazoshikana, pamoja na vigandishi vinavyotajwa kwa namba za Kirumi, cha V, cha VII, cha IX, cha X na cha XI, vyote huundwa ndani ya seli za ini na kumwagwa katika mzunguko wa damu. Kigandishi cha VIII hakimo katika orodha hiyo, kwa kuwa hutengenezwa hasa na seli zinazotandaza kuta za mishipa, na kwa mgonjwa ambaye ini lake limejaa makovu, hali iitwayo sirosisi, kiwango chake hupanda badala ya kushuka. Jambo hilo peke yake latosha kuonya kwamba damu ya mgonjwa wa ini haielezeki kwa kusema tu kwamba imepungukiwa.

Kipimo kinachotegemewa zaidi hospitalini ni kile alichokieleza Armand Quick wa Marekani mwaka 1935, ambapo plazma, yaani majimaji ya damu yanayobaki baada ya seli kuondolewa, huchanganywa na dondoo la tishu pamoja na kalsiamu, kisha sekunde zikahesabiwa mpaka bonge litokee. Kwa mtu mzima mwenye afya muda huo huwa takriban sekunde 11 hadi 13, na siku hizi majibu hugeuzwa kuwa uwiano uitwao INR ili maabara mbalimbali ziweze kulinganisha matokeo yao. Ni kipimo chepesi, nacho kimewasaidia wagonjwa wengi mno, lakini swali linalojibiwa nacho ni moja tu, nalo ni la muda. Hakisemi iwapo protini zimekuwa chache, au zipo za kutosha ila zimeundwa vibaya, na tofauti hiyo si ya wanazuoni peke yao, kwa sababu upungufu una chanzo chake na kasoro ina chanzo chake, na dawa inayoondoa kimoja huenda isikiguse kingine. Anayetaka kupambanua hana budi kuitoa protini yenyewe katika plazma ya mgonjwa, aitakase na kuiweka kando ya ile ya mtu mzima wa afya, kisha aangalie zimetofautiana wapi.

Kazi hiyo huanzia kwenye mshipa wa mgonjwa, na hapo hapo ndipo inapoweza kuharibika. Damu huvutwa ndani ya mrija wenye sitreti ya sodiamu, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya myeyusho, ili sitreti iikamate kalsiamu na kuizuia damu isigande. Damu ikichelewa kuchanganywa, thrombini kidogo huzaliwa humo na kuanza kuila fibrinojeni ambayo mtafiti alikusudia kuikusanya. Mrija huzungushwa kwa kasi katika sentrifuji mpaka seli zitulie chini na plazma ibaki juu, nayo kwa mgonjwa ambaye njia ya nyongo yake imeziba huwa na rangi ya manjano iliyokolea. Vyombo vinavyotumika ni vya plastiki, kwa kuwa uso wa kioo huamsha kigandishi cha XII na kuanzisha mfululizo mzima wa kuganda, na plazma huwekwa katika ubaridi huku ikitiwa dawa za kuvifunga vimeng'enya, kama benzamidini na aprotinini, ili protini zisikatwe vipande kabla ya kufika mezani.

Tahadhari hii ya mwisho ina uzito wa pekee kwa wagonjwa wa ini. Mwili una kimeng'enya kinachoitwa plasmini, ambacho kazi yake ni kuyeyusha mabonge ya damu, na kinachoamshwa na protini nyingine ambayo ini lenye afya huiondoa katika damu kwa haraka. Ini lililochoka huiacha ikizunguka, hata plazma ikafika maabara ikiwa tayari imebeba mbegu ya kuziharibu protini zake. Mtafiti asiyelizingatia hilo anaweza kupata fibrinojeni iliyokatwa-katwa ndani ya mrija wake mwenyewe, akadhani ameiona kasoro ya ugonjwa.

Kuna pia suala la kiasi, na haifai kulipita kwa wepesi. Lita 1 ya plazma ya mtu mwenye afya ina gramu 2 hadi 4 za fibrinojeni, lakini prothrombini iliyomo ni takriban miligramu 100 tu, kwa hiyo mililita 100 za plazma zitatoa, hata pasipopotea kitu, miligramu zipatazo 10, na katika kutakasa daima kitu hupotea. Anayeombwa kutoa plazma hiyo ni mtu ambaye aghalabu ana upungufu wa damu, ambaye mishipa ya umio wake huenda imevimba na iko tayari kupasuka, na ambaye hatapata nafuu yoyote ya moja kwa moja kutokana na utafiti unaofanywa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka ustawi wa mgonjwa mbele ya haja ya sayansi, na katika uwanja huu msimamo huo hauna budi kushikwa kwa dhati: maabara iliyojifunza kufanya kazi na mililita chache imefanya jambo jema kuliko ile iliyopata protini nyingi kwa gharama ya mgonjwa.

Plazma hiyo, ieleweke, hukusanywa kwa ajili ya kuchunguzwa, wala haitumiki kutengenezea dawa. Wengi wa wagonjwa hawa wana virusi vya homa ya ini, aina B au C, na dunia ilikwisha kujifunza kwa uchungu madhara ya kuchanganya plazma za watu wengi bila kuviua virusi vilivyomo, pale watu wenye ugonjwa wa hemofilia, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipoambukizwa homa ya ini na VVU kupitia vigandishi walivyochomwa sindano ili wapone. Hata hivyo, chanjo ya kwanza ya homa ya ini aina B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981 ilitengenezwa kwa kuchuja protini ya ganda la kirusi kutoka katika plazma ya watu wenye maambukizi ya kudumu, ikapitishwa katika hatua kadhaa za kuua kila kilicho hai. Watu hao wanastahili shukrani ya mamilioni waliokingwa.

Protini iliyo rahisi kuitoa ni fibrinojeni, kwa sababu ni kubwa, ni nyingi, na huacha kuyeyuka upesi kuliko karibu kila protini nyingine ya plazma. Edwin Cohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, walipokuwa wakiigawanya plazma kwa ajili ya majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, waliona kwamba alkoholi ya asilimia 8 katika ubaridi unaokaribia kuganda kwa maji yatosha kuiteremsha fibrinojeni mwanzo kabisa, wakati albumini hubaki ikielea mpaka hatua za mwisho. Maabara nyingine hutumia salfeti ya amonia, chumvi ambayo ikifika robo ya kiwango chake cha kushiba huifanya fibrinojeni ishuke kama ukungu mweupe, au asidi amino ndogo iitwayo glaisini. Mashapo hayo hukusanywa, huyeyushwa upya, hushushwa tena, kisha hupitishwa juu ya punje zilizofungwa asidi amino ya laisini, ambazo huikamata plasminojeni, mama wa plasmini, na kuiacha fibrinojeni ipite ikiwa imesalimika.

Matokeo ya kazi hiyo yaliwashangaza waliotarajia upungufu. Kwa wagonjwa wengi wa sirosisi kiasi cha fibrinojeni kilikuwa cha kawaida, na hata katika ugonjwa mzito hakikushuka sana isipokuwa mwishoni, lakini fibrinojeni hiyo hiyo, ikiwa imetakaswa na kuwekwa peke yake katika myeyusho safi pasipo kitu kingine cha kulaumiwa, ilichelewa kuganda ilipotiwa thrombini. Uchunguzi ulionyesha kwamba thrombini ilivikata vipande vidogo vya ncha za fibrinojeni kwa kasi ya kawaida. Kilichochelewa ni hatua inayofuata, ambapo molekuli zilizokatwa hujipanga na kushikana ziwe nyuzi. Kasoro ilikuwa katika fibrinojeni yenyewe, na utakasaji ndio ulioithibitisha, kwani kabla ya hapo mtu angeweza kudai kwamba kuna kizuizi fulani kinachoelea katika plazma ya mgonjwa.

Fibrinojeni ni molekuli yenye uzito wa takriban daltoni 340,000, iliyosukwa kwa minyororo mitatu ya asidi amino, kila mmoja ukiwa mara mbili, na juu ya baadhi ya minyororo hiyo seli ya ini hupachika vitawi vya sukari ambavyo huishia kwa asidi ya siali, sukari yenye chaji hasi ya umeme. Mwaka 1978 José Martinez na wenzake, wa Philadelphia, walionyesha kwamba fibrinojeni ya wagonjwa wa ini ilibeba asidi ya siali kupita kawaida, hivyo molekuli zikawa zinasukumana kwa chaji zinazofanana pale zilipotakiwa kukaribiana. Kisha wakafanya jaribio ambalo, kwa unyofu wake, lafaa kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa sayansi ya tiba: waliiondoa asidi hiyo kwa kimeng'enya kinachoikata, na fibrinojeni ya mgonjwa ikaganda kwa muda sawa na wa fibrinojeni ya kawaida. Mpangilio wa asidi amino haukuwa na doa. Seli iliyougua ilikuwa imeupamba mno, na fibrinojeni ya watoto wachanga, ambayo nayo ina asidi ya siali nyingi, huonyesha tabia inayokaribiana na hiyo.

Habari ya prothrombini ni ndefu zaidi, kwa kuwa hapa njia ya kawaida ya kuitakasa ndiyo iliyoificha kasoro. Kwa miongo kadhaa maabara ziliitoa prothrombini kwa kumimina kloridi ya bariamu ndani ya plazma yenye sitreti: bariamu na sitreti huungana kuwa unga mweupe usioyeyuka, na unga huo, ukishuka chini, hubeba pamoja nao prothrombini na vigandishi vya VII, IX na X. Mtafiti aliuchukua unga, akauosha, akazifungua protini zilizonasa, na yale majimaji ya juu akayamwaga. Kwa plazma ya mtu mwenye afya hapakuwa na hasara kubwa. Kwa plazma ya mgonjwa, kilichomwagwa ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Ili kuelewa sababu ni lazima kurudi Copenhagen, ambako Henrik Dam, kuanzia mwaka 1929, aliwaona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu hadi kufa, na hatimaye mwaka 1935 akakipa kirutubisho walichokikosa jina la vitamini K. Upande wa pili wa jambo hilo ulijulikana Wisconsin, ambako maabara ya Karl Paul Link iliipata mwaka 1939, ndani ya majani yaliyooza yaliyowaua ng'ombe kwa kuvuja damu, kemikali ya dikumaroli inayoipinga vitamini K. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mwili uliokosa vitamini hiyo huacha tu kutengeneza prothrombini. Lakini mwaka 1968 Ganrot na Niléhn wa Sweden walionyesha kwamba watu wanaomeza dikumaroli wana prothrombini katika damu, inayotambuliwa vyema na kingamwili dhidi ya prothrombini, isipokuwa haishikamani na kalsiamu na haifanyi kazi ipasavyo.

Jibu lilikamilika mwaka 1974, pale Johan Stenflo wa Sweden na Gary Nelsestuen wa Marekani, kila mmoja na wenzake, walipoitambua asidi amino isiyojulikana kabla, gama-kaboksiglutamiki, ambayo kwa kifupi huitwa Gla. Seli ya ini hutengeneza mnyororo wa prothrombini kwanza, kisha kwa msaada wa vitamini K huongeza kundi la kaboksili juu ya asidi glutamiki 10 zilizo mwanzoni mwa mnyororo huo, na makundi hayo mawili-mawili ndiyo yanayoishika kalsiamu na, kupitia kalsiamu, kuiegesha prothrombini juu ya utando wa chembe sahani pale mshipa ulipojeruhiwa. Prothrombini isiyo na Gla ni mithili ya jahazi lisilo na nanga, lipo baharini na shehena yake yote, ila haliwezi kusimama mahali linapohitajika. Na kwa kuwa bariamu huzikamata protini hizi kwa makundi yale yale yanayoishika kalsiamu, prothrombini iliyopungukiwa haishuki na unga mweupe bali hubaki katika majimaji.

Kwa hiyo uchujaji wa plazma ya mgonjwa wa ini ulibidi upinduliwe. Bariamu huwekwa si mara moja bali mara kadhaa, mpaka prothrombini yote iliyo timamu imalizike kunaswa, na hapo mtafiti huyashika yale majimaji ya juu, huyapitisha juu ya punje zilizofungwa kingamwili zinazoitambua prothrombini, na kuivuna ile iliyong'ang'ania. Kinachopatikana si aina moja bali mchanganyiko, kwa sababu molekuli nyingine hukosa Gla zote na nyingine chache tu, na zile zilizokaribia ukamilifu huweza kuondoka na unga, jambo linalomfanya mwangalifu asidai kwamba ameipata kasoro yote. Uthibitisho wa kwamba protini hiyo ni prothrombini kweli hupatikana kwa sumu ya nyoka wa kundi la Echis, ambao jamaa zao wanaishi pia kaskazini mwa Kenya: kimeng'enya cha sumu hiyo huikata prothrombini kuwa thrombini bila kuuliza kama ina Gla au haina, hivyo plazma inayochelewa katika kipimo cha Quick lakini ikaganda vyema kwa sumu imejitaja yenyewe.

Maabara ya Bruce na Barbara Furie huko Boston ndiyo iliyoyafikisha maarifa haya kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa kutengeneza kingamwili zinazoweza kuitofautisha prothrombini timamu na isiyo timamu. Mwaka 1981 iliripotiwa kwamba prothrombini yenye kasoro imo katika damu ya wagonjwa wa homa ya ini na sirosisi, tena hata walipopewa vitamini K haikutoweka, maana yake shida ilikuwa ndani ya seli iliyoshindwa kuitumia vitamini hiyo. Hili linamtenga mgonjwa huyo na yule ambaye njia ya nyongo imezibwa, kwa mfano na kijiwe, ambaye ini lake laweza kufanya kazi ila vitamini K, inayohitaji nyongo ili ifyonzwe utumboni, haimfikii. Huyu wa pili akichomwa sindano ya vitamini, aghalabu kuganda kwa damu yake hurejea katika muda wa siku moja au mbili. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1984, kundi hilo hilo lilitangaza jambo zito zaidi: kati ya wagonjwa 76 wa saratani inayoanzia kwenye ini, 69 walikuwa na prothrombini hiyo kwa wingi, kiwango kikiwa juu mno kuliko cha wenye homa ya ini ya muda mrefu. Masalio yaliyokuwa yakimwagwa yakawa alama ya saratani, na hadi leo kipimo chake hutumika, hasa nchini Japani, sambamba na kile cha alfa-fetoprotini, alama nyingine ya saratani hiyo.

Kwa Afrika Mashariki habari hii haiko mbali. Saratani ya ini inashamiri mahali ambapo homa ya ini aina B huambukizwa utotoni na ambapo mahindi na karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu na kujaa sumukuvu ya aflatoksini, sumu ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, katika maeneo yakiwemo Makueni na Kitui. Sumu ile ile, ikiliwa kidogo-kidogo kwa miaka, haiui kwa wiki moja. Huliharibu ini polepole, na mgonjwa hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa. Kipimo cha damu kinachoweza kuubaini mapema, kikiungana na picha za mawimbi ya sauti, kingekuwa na thamani kubwa zaidi hapa kuliko pengi palipozoea kukitumia, na ni jambo la kusikitisha kwamba kipo mbali na zahanati zinazokihitaji.

Hata hivyo protini iliyotolewa na kutakaswa ina udhaifu wake, kwa kuwa imetengwa na wapinzani wake. Ini halitengenezi vigandishi pekee. Hutengeneza pia protini zinazozuia damu isigande kupita kiasi, zikiwemo antithrombini na protini C, ambazo nazo hupungua ini linapougua. Kipimo cha Quick karibu hakiuoni upungufu huo wa pili. Mwaka 2005 Armando Tripodi na wenzake wa Milano waliipima plazma ya wagonjwa wa sirosisi ikiwa nzima, bila kuichuja, wakiongeza thrombomodulini, yaani protini ya ukuta wa mshipa inayoiamsha protini C, na wakaona kwamba thrombini iliyozalishwa haikuwa pungufu ya ile ya watu wenye afya. Mizani ilikuwa imeshuka pande zote mbili, ikabaki imelingana, ingawa hulingana kwa shida na huweza kulalia upande wowote kwa maambukizi au kwa figo kushindwa. Na ndiyo maana mgonjwa yule yule ambaye INR yake inatisha anaweza kupata bonge la damu katika mshipa mkuu unaoingia kwenye ini.

Mabadiliko haya ya fikra yamegusa utendaji wa kila siku. Zamani ilikuwa kawaida mgonjwa mwenye tumbo lililojaa maji kutundikiwa chupa za plazma ya wachangiaji damu ili INR ishuke kabla ya kutobolewa kwa sindano, ilhali plazma hiyo huongeza ujazo wa damu na shinikizo katika mishipa ya umio iliyokwisha kuvimba, ndiyo inayohofiwa kupasuka. Miongozo ya siku hizi haishauri kufanya hivyo kwa sababu ya INR pekee, na plazma iliyookolewa kwa njia hiyo, mahali ambapo benki ya damu haijai kamwe, humfikia mama anayevuja damu baada ya kujifungua.